Upepo wa Singida na Akiba ya Gridi

Kwa sisi tuliokuwa Unguja mwishoni mwa mwaka 2009, umeme si jambo la kuzungumzwa juu juu. Desemba ile kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Mei 2008 tulikuwa tumeshaonjeshwa karibu mwezi mzima wa giza la namna hiyo hiyo. Wenye uwezo waliwasha jenereta. Walio wengi walirudi visimani kwa sababu pampu zilisimama, na samaki asiyeuzwa kabla ya magharibi alikuwa hasara ya mwenyewe. Tangu hapo, kila nisikiapo habari ya umeme mpya, huuliza jambo moja: siku ukikatika huo, kimewekwa nini pembeni?

Basi niliposikia Singida ikitajwa tena kuwa mahali pa mitambo ya upepo, swali lile lilinirudia kwa nguvu. Upepo hauweki miadi na mtu. Anayetaka kuutegemea lazima akisie saa ijayo utavuma kiasi gani, na aweke kitu cha kuziba pengo endapo makisio yatakwenda kombo. Ami yangu, aliyefanya kazi ya umeme tangu ujana wake, alinisikiliza kisha akaniambia, "Mwanangu, hayo usiyasome kwenye vitabu tu. Nenda Singida kamuone mwenzangu. Kaendesha mitambo ya maji Kidatu na Mtera mpaka akastaafu, sasa analima alizeti kwao." Mimi sikuwa nimewahi kupita Dodoma. Nikafunga safari.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme, hii ya SGR iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Baada ya Morogoro inaingia milima ya Kilosa, inatumbukia kwenye handaki, inatokea kwenye mwanga na kutumbukia tena, na muda wote huo mabehewa yanavutwa kwa umeme wa waya ulio juu ya paa. Nilikuwa nikiutazama waya ule kila tulipopinda. Treni nzito ikiondoka kituoni huomba umeme mwingi kwa mara moja, na mahali fulani mtambo hauna budi kuongeza nguvu papo hapo. Abiria hawaoni lolote. Kutoona huko ndiko matunda ya kazi niliyokuwa nikiifuata Singida.

Dodoma nilibadilisha, nikapanda basi. Njia inashuka hadi bonde la Bahi lenye majaruba ya mpunga, inapita katikati ya mibuyu, kisha inaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Juu kule hali ya hewa ni nyingine. Mlango wa basi ulipofunguliwa Manyoni, upepo uliingia kabla ya wauza karanga. Tulipoipita Ikungi, mashamba ya alizeti yalikuwa yameshavunwa na vumbi jekundu lilikuwa likisafiri chini chini, likikata barabara kutoka kushoto kwenda kulia. Mji wa Singida ukaonekana kwa miamba yake mikubwa iliyobebana, na nyuma ya miamba, maji ya Ziwa Singidani.

Mwenyeji wangu alinipokea stendi. "Shikamoo baba." "Marahaba binti yangu. Ami yako hajambo? Bado anabishana?" Nikamwambia hajambo, na bado anabishana. Nyumbani kwake, nje kidogo ya mji, mama mwenye nyumba alikuwa ameshaandaa ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji. Alinikaribisha kwa kauli ambayo baadaye niliikuta kwa kila mtu wa pale: "Pole na upepo."

Baada ya chakula, mzee alileta barazani waya wa soketi na kifaa kidogo cha kupimia umeme, akakichomeka. Kioo chake kikaonyesha namba: 49.98. Kabla sijaisoma vizuri ikawa 50.01, kisha 50.03, kisha ikarudi 49.99.

"Hayo ni masafa," akasema. "Hezi hamsini. Umeme wetu unakamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara hamsini kila sekunde, kwa kuwa mashine zote za gridi zinazunguka kwa mwendo mmoja. Watu wakitumia zaidi ya kinachozalishwa, mashine zinaelemewa, mwendo unapungua, namba inashuka. Wakitumia kidogo, namba inapanda. Na namba hii unayoiona hapa Singida ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye friji ya mama yako Unguja sasa hivi."

Nilikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Kwa kuwa kebo ya Fumba imetufunga na Bara, na Bara imefungwa na Nairobi, kijiji, kisiwa na jiji vinapumua kwa pumzi moja. Mtu akiwasha kinu cha kusaga Manyoni, namba inasogea kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kuonekana. Mtambo mkubwa ukizima, inasogea kwa kiasi kinachoonekana kwenye kila soketi ya nchi. Ikishuka mno, vifaa vya kinga huanza kukata maeneo vyenyewe, moja baada ya jingine, ili kuokoa kinachobaki. Visipowahi, gridi nzima inaanguka.

Nikamuuliza kinachoizuia namba isianguke. Akanieleza kwa kufuata saa ya ukutani. Sekunde za mwanzo zinalindwa na uzito wa mashine zenyewe: chuma kizito kinachozunguka hakisimami ghafla. Sekunde zinazofuata zinalindwa na mitambo ambayo kwa makusudi haikubebeshwa mzigo wake wote. Mtambo wa maji wenye uwezo wa megawati 50 unaweza kuachwa ukizalisha 35. Masafa yakishuka, kidhibiti mwendo chake kinafungua maji zaidi bila kusubiri amri ya mtu. Dakika zinazofuata ni za waongozaji wa gridi pale Ubungo, wanaoagiza mtambo huu uongeze na ule uwashwe. Baada ya hapo, mitambo ya akiba inayohitaji muda kuamka inachukua nafasi, ili ile ya mwanzo irudi kwenye ulinzi wake.

"Kwa hiyo umeme mwingi si akiba," nikasema.

"Andika hivyo hivyo," akajibu.

Niliandika, kwa sababu jambo hilo limetupita wengi. Mapema mwaka 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kazi, mgao uliokuwa umetuchosha ulikwisha, na TANESCO ikatangaza kuwa umeme umezidi mahitaji kiasi cha kuzima kwa muda vituo vitano vya umeme wa maji. Muda si mrefu, usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024, hitilafu ya Gridi ya Taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Watu waliuliza kwa hasira: umeme si umezidi? Ulizidi kweli. Lakini mtambo uliozimwa hauwezi kujibu ndani ya sekunde kumi, hata uwe mkubwa namna gani. Akiba hupimwa kwa kasi ya kuitika, na baadaye kwa ukubwa.

Asubuhi mzee alinipeleka kuona laini za umeme. Tulisimama mbali na uzio wa kituo cha kupoza umeme, barabarani, mahali panaporuhusiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Singida, mkoa ambao wengi wetu tunaujua kwa kuku na alizeti, sasa ni njiapanda ya umeme wa Afrika Mashariki. Laini ya kilovoti 400 inatoka Iringa, inapita Dodoma, inafika hapa na kwenda Shinyanga, kilomita 670 kwa jumla. Nyingine ya kilovoti 400 inaingia kutoka kaskazini: imeanzia Isinya nchini Kenya, imepita Namanga na Arusha, zaidi ya kilomita 500. Hiyo ndiyo iliyotuunganisha na Kenya, na kupitia Kenya na Uganda. Ethiopia nayo ina laini ya umeme mnyoofu ya kilovoti 500 inayofika Suswa, Kenya, iliyoanza biashara mwaka 2022. Nguzo zilikuwa zikivuma kama zinaongea. Vumbi lilitugonga usoni, tukageuza migongo.

"Sasa fikiri," mzee akasema kwa sauti ya juu ili upepo usimmeze. "Kila mtambo wa Bwawa la Nyerere ni megawati 235. Ipo tisa. Nchi yetu mwaka 2024 kilele cha matumizi kilikuwa karibu megawati 1,900. Mtambo mmoja ukizima wakati unafanya kazi kamili, umepoteza sehemu ya nane ya nchi kwa kupepesa jicho. Watu wanauogopa upepo. Shamba la upepo linalozungumzwa hapa ni la megawati 100."

Hesabu hiyo ilinigeuza mawazo. Sheria ya kwanza ya akiba, inayofuatwa karibu dunia nzima, ni kuweka angalau kiasi cha kufidia kifaa kimoja kikubwa kuliko vyote kikianguka. Kwa sheria hiyo, Bwawa la Nyerere tayari limetulazimisha kuwa na akiba kubwa kuliko shamba zima la upepo la Singida. Tofauti iko kwenye tabia. Mtambo wa maji huzima mara chache, lakini huzima wote. Upepo haupotei wote kwa mara moja, ila hubadilika kila siku, na wakati mwingine kila saa. Akiba ya kwanza inangoja ajali. Akiba ya pili inangoja kosa la utabiri. Ukizichanganya, utaweka nyingi pasipohitajika na kupungukiwa panapohitajika.

Tulirudi barazani, na mzee akanionyesha kitu ambacho nakihesabu kuwa hazina ya safari yangu. Lilikuwa daftari la shule lenye kurasa zilizojikunja pembeni. Juu ya mti mrefu uani kwake amefunga kipima upepo chenye vikombe vitatu. Kila siku anasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, anauandika safu ya kushoto. Katikati anaandika upepo ulivyokuwa asubuhi, jioni na usiku. Kulia anaandika tofauti. Safu ya kulia ndiyo ameipigia mstari mwekundu.

"Watu wote wanapima upepo," akasema. "Mimi napima kosa."

Singida inajulikana kwa upepo. Vipimo vya Kititimo, karibu na mji, vilivyorudiwa kwenye ripoti nyingi za nishati, vinaonyesha wastani unaozidi mita 9 kwa sekunde. Ule wa Makambako, mkoani Njombe, unakaribia huo. Lakini wastani haulindi gridi. Nguvu iliyomo kwenye upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi kwa kasi kwa kasi. Kasi ikishuka kutoka mita 10 hadi 8, nguvu inabaki kidogo juu ya nusu. Kosa dogo la kasi linazaa kosa kubwa la umeme.

Si kila saa lakini. Upepo ukiwa hafifu, mita 3, mtambo hautoi kitu cha maana, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kupoteza. Ukiwa mkali, mita 15, mtambo umeshafika kikomo chake; upepo ukipungua hadi 14 bado unatoa ule ule. Hatari iko katikati, mita 6 hadi 11, ambapo kila mita inayopungua inang'oa kipande kikubwa. Ndiyo maana kuweka kiasi kimoja cha akiba mwaka mzima ni kutojali. Akiba inayofaa saa hii inategemea utabiri wa saa hii, na jinsi utabiri wa namna hiyo ulivyowahi kukosea.

Mzee alichukua kalamu na kunifanyia mfano. Tuseme shamba ni la megawati 100 na utabiri wa saa moja mbele unasema 60. Chukua saa zote zilizopita ambazo utabiri ulisema 60, uzipange kwa ukubwa wa pengo lililotokea. Tuseme katika kila saa 100, saa 95 pengo halikuzidi megawati 25. Basi ukiweka 25 utakuwa salama mara 95. Ukitaka kuwa salama mara 99, huenda ukahitaji 40. Hizo 15 za nyongeza zinanunua saa nne tu kati ya mia, nazo zinalipiwa kila saa, zikitumika au zisipotumika.

"Nani anachagua 95 au 99?" nikauliza.

"Ndilo swali lenyewe. Kompyuta haichagui. Kompyuta inakupa bei ya kila moja. Anayechagua ni mtu, na anachagua kwa niaba ya mama aliye kwenye chumba cha upasuaji na kwa niaba ya anayenunua umeme wa LUKU wa elfu mbili."

Jioni ile tulitembea hadi kiwanja cha jirani ambako mafundi walikuwa wakichora msingi wa nyumba. Walikuwa na kamba. Walipima futi tatu upande mmoja, futi nne upande wa pili, wakavuta ya kukatiza. Ilipofika futi tano kamili wakajua pembe ya msingi ni pembe mraba. Mzee akasimama pale.

"Unaiona hiyo? Ndivyo makosa yanavyojumlishwa. Utabiri wa matumizi ya nchi nao hukosea. Tuseme kosa lake ni megawati 30. Kosa la upepo ni 40. Mtu mwoga atajumlisha aweke 70. Lakini kosa la matumizi halimjui kosa la upepo. Leo matumizi yanazidi, upepo nao umezidi, vinafutana. Kesho vinaumizana. Kwa jumla yao unaweka 50, kama hiyo kamba ya kukatiza."

Hesabu ya fundi mjenzi na ya mwongozaji wa gridi ni moja: mraba wa 30 na mraba wa 40, jumla yake ni mraba wa 50. Faida yake ni fedha halisi. Upepo ukiongezwa kwenye gridi ambayo tayari inabeba makosa mengine, akiba ya ziada unayohitaji ni ndogo kuliko kosa la upepo wenyewe. Na ukiyatawanya mashamba, faida inakua. Singida na Makambako zimeachana kwa zaidi ya kilomita 400. Upepo ukilala huku hauna lazima ya kulala kule. Kishapu, mkoani Shinyanga, ambako TANESCO ina mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 ulioanza na awamu ya 50, ni jambo jingine tena: wingu la Kishapu halina habari na upepo wa Singida. Hata kwenye jua lenyewe kuna kutenganisha. Machweo yanajulikana dakika yake, hivyo hayahitaji akiba, yanahitaji ratiba ya mitambo mingine kupanda kabla ya saa moja usiku, watu wanapowasha taa. Kinachohitaji akiba ni wingu.

Lakini kamba ya fundi ina sharti: makosa yasiwe yanavutana. Yakivutana, unarudi kwenye 70, au unapita hapo. Uingereza waliliona Agosti 9, 2019. Walikuwa na akiba ya megawati 1,000, iliyopimwa kwa kifaa kikubwa kimoja. Radi ikapiga laini moja. Shamba la upepo la baharini la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vikapungua karibu kwa pamoja, na mitambo midogo mingi ikajitoa yenyewe kwa kuhisi mtikisiko. Jumla iliyopotea ilizidi akiba, masafa yakashuka hadi hezi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa. Walikuwa wamejiandaa kwa ajali moja, ikaja ajali inayozaa nyingine.

Karibu na kwetu, Agosti 25, 2023, Kenya ilipata giza la nchi nzima. Kenya Power ilieleza kwamba gridi ilipoteza megawati 270 hivi kutoka shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Wenye shamba walijibu kwamba wao walilazimika kujitoa kwa sababu ya volteji iliyopanda mno kwenye gridi. Sina sababu ya kuhukumu kati yao. Ninachojifunza ni kwamba shamba lile liko mwisho wa laini ndefu ya zaidi ya kilomita 400, na umeme wote ule hupita njia moja. Hapo upepo unaweza kuwa unavuma vizuri kabisa na bado ukapoteza kila kitu. Kwa shamba la Singida, kosa la utabiri ni la upepo wote, lakini ajali ni ya laini itakayolibeba. Kila moja iwekewe akiba yake.

Laini ya Kenya nayo ilinifanya niulize: kama majirani wana mitambo, kwa nini tusitegemee akiba yao? Mzee alikubali nusu. Mifumo ikiunganishwa, mtambo wa Bwawa la Nyerere ukizima, mitambo ya Olkaria kule Kenya na ya Mto Nile kule Uganda inasaidia sekunde hiyo hiyo bila kuombwa, kwa kuwa yote inazunguka kwa mwendo mmoja. Nchi tatu hazina haja ya kuweka kila moja akiba kamili ya ajali yake, kwa sababu ajali zao hazitokei pamoja kwa kawaida. Huo ndio msingi wa kuwa na muungano wa gridi kama ule wa Afrika Mashariki wenye makao Addis Ababa, na ule wa Kusini mwa Afrika wenye makao Harare. Tanzania imo katika yote miwili. "Ila usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. Akiba ya jirani inapita kwenye laini ile ile niliyoiona asubuhi. Laini ikikatika wakati unaihitaji, umepoteza umeme uliokuwa ukiingia na akiba uliyokuwa ukiitumainia, vyote kwa mara moja. Sisi wa Unguja hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Usiku upepo ulizidi. Mabati yaliyogandamizwa kwa mawe yalikuwa yakigongagonga, na mimi nikalala nikifikiri jambo la mwisho alilonieleza mzee, ambalo ndilo limenipa matumaini. Nchi yenye mabwawa imebarikiwa kwenye suala hili. Mtambo wa gesi wa Kinyerezi ukiachwa ukifanya kazi nusu kwa ajili ya akiba, unachoma gesi kwa ufanisi mdogo, na gesi iliyochomwa haiji tena. Mtambo wa maji ukiachwa nusu, maji yanabaki bwawani, isipokuwa msimu wa mafuriko bwawa linapojaa na kumwagika. Na upepo wa kanda hii ya kati huvuma zaidi miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, wakati Mtera na mabwawa mengine yanapoanza kushuka. Tunaokumbuka mgao wa ukame wa 2006 na 2011 tunajua miezi hiyo ina uchungu gani. Kila megawati ya upepo wa Septemba ni maji yaliyobaki kwa ajili ya Novemba. Kwa sekunde na dakika, maji yanaulinda upepo. Kwa miezi, upepo unayalinda maji.

Lakini maji yanayolinda upepo ni maji yasiyouzwa saa hiyo, na hapo ndipo mkataba unapoingia. Mikataba ya umeme mara nyingi hulipa uniti zilizozalishwa. Mtambo unaosubiri hauzalishi uniti, kwa hiyo usipolipwa kwa kusubiri, mwenye nao atatamani kuujaza mzigo wote, na akiba itabaki kwenye karatasi. Kusubiri ni kazi, na ina gharama yake. Atakayeficha gharama hiyo ili bei ya upepo ionekane ndogo atatulipisha kwa giza.

Nilipomuaga mzee nilimwomba kulinakili daftari. Alinipa nakala aliyoiandika mwenyewe zamani, akaniagiza nimpelekee ami abishane nayo. Mipango ya mitambo ya upepo Singida imetajwa kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na mimi sikuona hata nguzo moja ya mtambo huo ikiwa imesimama. Wengine wanauona muda huo kuwa umepotea. Kwangu ni muda ambao bado unaweza kutumika. Kosa la utabiri halisubiri mtambo ujengwe. Linaweza kupimwa leo, kwa milingoti ya vipimo Kititimo na Makambako, saa kwa saa, na kuwekwa wazi ili kila mhandisi na kila mwanafunzi wa chuo alione. Siku mitambo itakapowashwa, waongozaji wa gridi watakuwa na miaka ya makosa mkononi badala ya kukisia.

Kwa hiyo siku mkataba wa upepo wa Singida utakapotiwa saini, nami nikiwa na kalamu, sitauliza ni megawati ngapi. Nitauliza makosa ya utabiri wa hapo yamepimwa kwa muda gani na yako wapi. Nitauliza akiba itawekwa kwa saa ipi na kwa usalama wa mara ngapi katika mia, na ni nani aliyechagua namba hiyo. Nitauliza mtambo utakaokaa ukisubiri utalipwa nini. Yeyote anayetaka kujua kama watoto wake watasoma usiku upepo ukilala ana haki ya kuuliza hayo hayo, na anastahili kujibiwa kwa namba.